Chumba Kisichotikisika

Neema alikuja kwangu Mabawa, Tanga, siku ya nne baada ya kumzika mama yake, Rebeka, akaweka mezani daftari lililofungwa ndani ya kipande cha kanga. "Mama alisema hili ni lako, Bibi," akaniambia. "Alisema usipewe yeye akiwa hai, maana utamcheka." Nikamtilia chai, nikamuuliza habari za njia ya Amani, kama bado inateleza mvua ikinyesha. Akasema bado. Nikamuuliza kama mama yake alikula siku zile za mwisho. Akasema uji, vijiko viwili vitatu. Daftari sikulifungua mbele yake. Nililitambua tangu nilipoona jalada lake la kijani likichungulia penye kanga, kwa sababu ninalo pacha lake, liko chini kabisa ya sanduku langu la nguo, na panya wamelionja pembe moja. Rebeka na mimi tulipewa madaftari hayo na mtu mmoja, mwaka wa hamsini na saba, na tukakatazwa tusionyeshane.

Miezi michache kabla ya hapo mjukuu wangu alikuwa amenisomea habari kwenye simu yake. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikuwa wamekaa miaka mingi wakilinganisha mapigo ya nyota zilizokufa, nyota hii na ile, mpaka wakaona dalili kwamba mbingu yote ina mtetemo mmoja usiokoma, mawimbi ya uvutano yaliyotoka kila upande yakachanganyika hata hayatambulikani moja moja. Akaniuliza, "Bibi, unaelewa lakini?" Nikamwambia endelea kusoma. Sikumwambia kwamba nilipokuwa na miaka kumi na sita niliyatafuta mawimbi hayo Makorora, ndani ya chumba cha hatua sita kwa nne, na kwamba kuyakosa kulinigharimu. Angedhani akili imeanza kuniondoka.

Mwaka ule ulikuwa wa kungoja. Tulikuwa tumemaliza darasa la nane, Rebeka na mimi, tukapata nafasi ya kuendelea na sekondari ya wasichana huko bara. Lakini bweni lilikuwa bado linajengwa, tukaambiwa tukae nyumbani mwaka mzima. Rebeka akarudi Amani, ambako baba yake alikuwa mtunza bustani kwenye kituo cha utafiti. Mimi nikarudi kwa Ami Salimu na Bibi, mama yake, walionilea, na Ramadhani haikuisha kabla sijavunja ungo. Bibi akafurahi, akaoka mkate wa kumimina, akanitia ndani kama mwali. Hakuna aliyenionea, ndivyo ilivyokuwa kwa kila msichana wa mtaa ule. Fomu ya shule ilihitaji sahihi ya mlezi, na ilitakiwa ifike ofisi ya elimu kabla ya mwezi wa kumi kwisha. Ami hakuikataa. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye saraka ya cherehani pamoja na chaki na vifungo, akasema, "Tutaona." Nilikuwa mtoto wa haya sana, nisiyeweza hata kuomba chumvi ikiwa mbali nami. Nikasema, "Ndiyo, Ami," nikaenda kuandika kwenye shajara yangu kwamba sitaona kitu.

Chumba chenyewe nakiona hata sasa. Kitanda cha kamba, sanduku, mkeka wa kuswalia, na juu karibu na dari kidirisha cha upana wa sahani ya wali. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyomwagwa moja kwa moja juu ya mwamba wa matumbawe, baridi mchana na usiku. Uani niliruhusiwa kutoka pasipo na mgeni mwanamume, na kwa kuwa Ami alikuwa mshoni wa kanzu na wateja wake walikuwa wanaume, wakikaa barazani kutwa, uani nilitoka mara chache. Nilianza kuijua nyumba kwa nyayo. Bibi alikuwa akiburuta mguu wa kushoto. Ami alikanyaga kwa kisigino. Garimoshi la mkonge likipita upande wa stesheni, kikombe changu kililia kwenye kisahani kabla masikio hayajasikia kitu. Mwezi wa kwanza niliandika kurasa nyingi. Wa pili niliandika: "Leo kama jana." Wa tatu sikuandika hata hilo.

Basi mchana mmoja nikasikia ukumbini sauti ya Mwalimu Ludovina. Alikuwa Mgoa, mwalimu wetu wa hesabu na sayansi, mwanamke mwembamba wa magauni ya maua na miwani iliyofungwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kuliko cha baadhi yetu. Nilijua amekuja kwa ajili ya fomu. Nikasogea mlangoni, nikaketi sakafuni.

"Mzee Salimu, msichana huyu ana kichwa," alisema.

"Kichwa anacho, Mwalimu. Tulimzaa nacho."

"Bara wanamngoja."

"Na Pangani pia wako wanaomngoja," Ami akasema, na ndivyo nilivyojua kwamba kuna posa.

Nikasikia kijiko cha chai. Kisha mwalimu akaanza mazungumzo mengine kabisa, kama mtu aliyekosa mlango wa mbele akazunguka nyuma. Alisema anatafuta chumba. Kwa miaka miwili alikuwa akisoma majarida anayotumiwa na kaka yake aliye Ulaya, na humo wataalamu walikuwa wanabishana: kama redio ina mawimbi, je, uvutano nao hauna? Nguvu ile inayovuta embe chini na kushika mwezi juu, nyota mbili zikizungukana, haitupi mawimbi? Na kama nyota ni nyingi hivi, mawimbi yao yote hayatupiti kila saa, kila upande, hata sasa tukinywa chai? Wenye elimu wengi walisema hata yakiwapo hayapimiki. Yeye alitaka kujaribu. Alikuwa ameunda vyombo viwili. Kimoja kimekwenda Amani, katika chumba cha chini ya ghala la mbegu, na Rebeka atakisoma. Cha pili kilihitaji chumba mjini chenye sakafu ya mwamba, kisichopitwapitwa na watu. "Nimezunguka Tanga nzima," alisema. "Shule wanarukaruka. Kanisani wanapiga magoti. Kwangu nina mbwa."

Bibi akacheka. "Chumba kisichoingia mtu kimoja tu humu."

"Ndicho ninachokitaka, Bibi."

"Humo mna mwali."

"Mwali hatembei sana."

Nikasikia Ami akiweka kikombe chini. Kisha akauliza swali ambalo lilinishangaza, kwa kuwa lilikuwa swali la fundi. Akauliza, utajuaje kwamba kinachokitikisa ni nyota wala si nyumba yangu? Mwalimu akasema ndiyo maana viko viwili. Nyumba hii haijui Amani kunatokea nini. Msitu wa Amani haujui cherehani yako. Lakini kitu kinachotoka mbinguni kitatikisa vyote viwili kwa wakati mmoja. "Madaftari mawili yakikubaliana, Mzee Salimu, utatia sahihi?"

"Miye kazi yangu mikono ya kanzu," akasema Ami. "Mkono huu na huu. Isipolingana, kanzu haitoki hapa. Yakilingana, nitatia."

Bibi alikiita chombo kile timazi la Mgoa, ingawa timazi la mwashi huning'inia wima na hili lililala. Mwalimu alinielezea kwa mlango. Mlango uliotungikwa kwenye fremu iliyoinama unywele mmoja hujifungua wenyewe mpaka upate mahali pake pa kutulia, na fremu ikiguswa kidogo tu, mlango hutafuta mahali pengine. Hapo badala ya mlango palikuwa na fimbo fupi ya shaba yenye uzito wa risasi nchani, imeshikwa kwa nyuzi mbili za chuma ndani ya kisanduku cha mbao kilichogandishwa sakafuni kwa saruji. Fimbo ilibeba kipande cha kioo. Koroboi iliyowekwa ndani ya kopo lenye ufa ilimulika kioo, na kioo kikatupa mstari mwembamba wa mwanga ukutani, kwenye karatasi ya mistari. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya robo saa, pumzi ndogo, niandike mstari uko wapi na unatetemeka upana gani. Mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Saa tulikubaliana ziwe za Kiswahili, akarudia mara mbili, maana alijua huko ndiko watu wanakopotezana. Akanipa daftari la kijani.

"Na msiandikiane na Rebeka," akasema. "Hata salamu. Mkiandikiana mtaambukizana. Atakuambia juzi mstari uliyumba sana, nawe utaanza kuuona ukiyumba."

Hilo lilikuwa zito kuliko mlango. Rebeka na mimi tulikuwa tumeshiriki dawati moja miaka minne. Yeye ndiye aliyekuwa akininyanyulia mkono darasani nilipojua jibu nikashindwa kulitoa. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Sasa nikawa na kazi, na kazi ilikuwa kukaa pale pale nilipokuwa nimefungiwa. Sijui kama nilifungika zaidi au kidogo. Zamani ningeweza angalau kutembea hatua zangu sita nikigeuka; sasa hata hizo nilizihesabu, kwa sababu kila hatua ilirusha mstari ukutani. Mchana haukufaa kitu. Ami akikanyaga pedali ya cherehani, mwanga ulicheza kama kumbikumbi. Bibi akitwanga, ulipanda na kushuka na mchi. Nilimwomba Bibi anihurumie saa nane. "Nikuhurumie, halafu mle nini, mawimbi?" akasema. "Hebu muulize huyo nyota wako kama ameshakula." Akaja hata hivyo akachungulia, akatazama mstari ukutani muda mrefu. "Unatetemeka kama mtu mwenye homa," akasema. Kisha akaniletea bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, akaweka sahani chini taratibu mno, kama anayelaza mtoto.

Vipimo nilivyosoma saa mbili usiku, masomo kama Mwalimu alivyoyaita, ndivyo vilivyokuwa vya kweli. Magharibi imeswaliwa, isha imeswaliwa, cherehani imefunikwa shuka, wateja wamekwenda kwao. Nyumba ilishuka ikatulia. Na hapo, kila kitu kikiwa kimenyamaza, mstari ulikuwa bado haujanyamaza. Ulitetemeka kidogo, upana wa alama ya penseli, na baadhi ya siku upana wa alama mbili, na mara moja moja uliyumba kwa upana mkubwa ukatoka kwenye karatasi, hali hakuna mguu uliokanyaga wala gari lililopita. Niliandika kwenye shajara: "Kuna kitu hakijui kwamba nimefungiwa. Kimeingia bila kubisha hodi."

Watu wa Pangani walikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilijua kwa mstari kabla ya sauti, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mzito. Waliketi ukumbini, wakasifu kahawa.

"Binti yupo?" aliuliza yule mzito.

"Yupo," Ami akajibu.

"Mbona hasikiki?"

"Hasikiki. Ndiyo sifa yake," akasema Bibi. "Wako wa kwanza ulimsikia mno, au sivyo?"

Wakacheka wote, naye akacheka, na mimi nikajua kwamba anatafuta mke wa pili. Saa zilikuwa nane kasoro kidogo. Naungama hapa jambo ambalo liko pia katika daftari la kijani, kwa sababu sikuweza kumdanganya mwalimu: niliinua mguu nikaupiga sakafuni kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu zangu zote. Mwanga ukaruka mpaka kwenye dari. Yule mzito akauliza ni nini. "Paka huyo," Bibi akasema. Nami nikaandika: "Saa nane mchana. Nimepiga mguu makusudi. Pasihesabiwe."

Mwalimu Ludovina alikuja Jumamosi ya mwisho aliyokuwa nayo. Jumatatu yake alikuwa anapanda meli kwenda kwao likizo ndefu, na Jumanne ndiyo ilikuwa mwisho wa fomu. Alileta karatasi kubwa aliyonakili masomo ya Rebeka kwa mkono safi. Daftari lenyewe alikuwa amelirudisha Amani. Aliyaacha ya mchana yote, ya kwangu na ya Rebeka, maana ya kwangu yalikuwa ya cherehani. Alilinganisha ya usiku tu. Mlango wangu uliachwa wazi kidogo niweze kusikia, na kwa ule upenyo nilimwona Ami amekaa ametundika futi yake ya kupimia shingoni, na saraka ya cherehani iko wazi.

Walikwenda ukurasa kwa ukurasa. Mwanzoni sauti ya mwalimu ilikuwa juu. Usiku ambao Rebeka aliandika mtikisiko mkubwa, mimi pia nilikuwa nao. Lakini si siku ile. Kwake Jumatano, kwangu Alhamisi. Kwake Jumapili, kwangu Jumatatu. Kwake Ijumaa, kwangu Jumamosi. Kila mara siku moja nyuma, bila kukosea. Nikasikia karatasi ikikunjwa. Mwalimu alivua miwani. Nilijua kwa vile sauti yake ilivyobadilika, kama sauti ya mtu asiyeona vizuri.

"Ni hali ya hewa," akasema. "Upepo na mvua vinaanza kule milimani, kesho yake vinashuka pwani. Kitu cha mbinguni kingefika Amani na Tanga pamoja. Hiki kinachukua siku nzima."

"Siku nzima kutoka Amani?" Ami akauliza.

"Siku nzima."

"Hata punda anawahi." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anasikitika, nadhani. Aliitia ile karatasi kwenye saraka pamoja na fomu, akaifunga. "Basi, Mwalimu. Mkono mmoja umekuwa mrefu."

Mwalimu alikuja mlangoni kwangu kuniaga. Alinishika mashavu. Alisema chombo kibaki, hana pa kukiweka. Nilitaka kumwambia kitu, sikujua kitu gani. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nimejuta maneno mengi maishani, lakini hayo mawili niliyotumia mwaka mzima ule nimeyajuta kuliko yote.

Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Niliendelea kusoma mstari, kwa kukosa jingine. Jumanne saa sita mchana nilisikiliza cherehani ikienda bila kusimama, nikajua fomu imelala humo humo na chaki. Jumatano Bibi aliniambia, akinisuka, kwamba mtu wa Pangani si mbaya, ana nyumba ya mabati na hana makelele. Alhamisi jioni, adhana ya magharibi imekwisha, Bibi alipita na chetezo, moshi wa ubani ukaingia hadi kwangu, akasema kama alivyosema kila wiki tangu nilipopata akili, "Leo usiku wa Ijumaa, mjukuu wangu. Ukimaliza na nyota zako umsomee babu yako Yasini."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Nikafungua daftari la kijani kwenye ukurasa mpya, nikaandika juu: Ijumaa. Kisha mkono ukasimama.

Kwetu siku haianzi asubuhi. Jua likizama siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa kesho yake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Miezi yote ile, kila magharibi, nilikuwa nikifunua ukurasa mpya, naandika jina la siku iliyoingia, nasoma mstari saa mbili usiku, halafu najaza asubuhi na mchana wake chini. Haikunipitia akilini kwamba siku inaweza kuandikwa vingine. Na Rebeka, mtoto wa Kilutheri, kule mlimani, alikuwa akifunua ukurasa wake alipoamka. Usiku wake wa Jumatano na usiku wangu wa Alhamisi ulikuwa ni usiku mmoja.

Nilikaa hapo mpaka koroboi ikaanza kutoa moshi. Nilijua kwamba lazima niseme, na nisiposema sasa sitasema kamwe, na Ami alikuwa ukumbini anakula. Sijawahi kuona mlango mzito kama ule, nao ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo hata siku moja. Nikausukuma. Nikasimama mbele yake bila kuitwa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Aliniangalia kama mtu aliyeona sanduku likitembea. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ami, leo ni usiku wa nini?"

"Wa Ijumaa. Si umesikia ubani?"

"Mwalimu angesema ni wa Alhamisi."

Alikuwa amemega tonge la bada. Halikufika mdomoni. Nilimwambia yote, maneno yakikanyagana, na nadhani kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sauti yangu ilitoka hadi barazani. Bibi akaja na chetezo mkononi, akasimama.

"Nani alikufundisha kuandika hivyo?" Ami akauliza.

"Hakuna, Ami. Ndivyo siku zilivyo."

"Ndivyo zilivyo," akasema polepole. Akanawa mikono. Akafungua saraka, akatoa ile karatasi ya mwalimu na kikopo cha pini. Akachukua daftari langu, akatia pini penye kila usiku mkubwa, na kwenye karatasi ya Rebeka vivyo hivyo, kisha akaanza kuzihamisha za kwangu nyuma, ukurasa mmoja mmoja, akinong'ona majina ya siku kama anayehesabu mishono. Hakuharakisha. Bibi alitaka kusema kitu, akamnyamazisha kwa kidole. Alipomaliza alizitazama pini pande zote mbili, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Imelingana," akasema. "Yote."

Akatia sahihi usiku huo huo, kwa wino wa kuandikia vipimo vya wateja. Asubuhi alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda mwenyewe ofisi ya elimu kabla ya swala. Alirudi adhuhuri. Nilisikia kisigino chake barazani, na kwa namna kilivyokanyaga nilijua. Orodha ilikuwa imeondoka kwa garimoshi Jumatano. Karani alisema mwakani.

Nikakaa ndani mwaka mwingine. Lakini watu wa Pangani walipotuma mjumbe, Ami alimjibu barazani, kwa sauti ambayo nadhani ilikusudiwa ipite ukutani, "Binti ana kazi. Hajaimaliza." Na tangu wiki ile, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, cherehani ilisimama robo saa. Hapakuwa na mtu tena aliyetaka masomo yale. Mteja akiuliza kulikoni, Ami alimwambia, "Ngoja kidogo. Ndani wanapima."

Mwalimu Ludovina alijibu barua ya Ami baada ya miezi mitano. Aliandika kwamba mitikisiko mikubwa huenda ilikuwa matetemeko ya ardhi ya mbali, na ule mtetemo mdogo usiokoma huenda ni bahari, mawimbi ya maji yanayopiga pwani nzima na kuutikisa mwamba hadi milimani. Nyota hatukuzipata. Chini alikuwa ameniandikia mimi: "Nilikuuliza saa zenu. Sikukuuliza siku yenu inaanza lini. Kosa ni langu." Nilikwenda bara mwaka wa hamsini na tisa, nikamkuta Rebeka darasa moja mbele yangu, amepata marafiki wengine na namna nyingine ya kucheka. Tulipendana, lakini kama watu waliokosana garimoshi. Habari za chumba kile hatukuziongea. Nilidhani kwake ulikuwa mwaka wa bustani na hewa safi tu.

Neema alipoondoka nilifungua kanga. Masomo ya Rebeka yalikuwa safi, katikati ya ukurasa, kama mwalimu alivyoyanakili. Lakini pembeni, kwa penseli, kwa maandishi madogo ambayo mwalimu hakuyanakili, kulikuwa na barua, kwa jina langu. Ukurasa kwa ukurasa. Mwanatumu, leo ukungu haujapanda. Mwanatumu, huku chini ya ghala kuna giza na harufu ya mbegu zilizooza, na baba hataki nitoke kwenda mjini. Mwanatumu, mama amelazwa, napika mimi. Mwanatumu, nimekatazwa kukuandikia, kwa hiyo sikuandikii. Nilisoma mpaka miwani ikanisumbua. Nikatoa pacha lake chini ya sanduku, nikayaweka sambamba mezani, moja nikilirudisha nyuma ukurasa mmoja, kama Ami.

Uko usiku mmoja ambao ulitutupa sote nje ya karatasi. Katika langu nimeandika: "Alhamisi. Saa mbili usiku. Mstari umetoka. Ami hashoni, Bibi amekaa. Hakuna anayetembea. Sina wa kumuuliza." Katika lake, Jumatano, saa mbili usiku, umetoka, na pembeni: "Mwanatumu, umehisi?"

Nilitafuta penseli ya mjukuu wangu. Nikaandika chini ya swali lake: Nimehisi. Kisha, ili pasiwe na kosa tena, nikaongeza: Jumatano, baada ya magharibi.